Mng'ao wa Plastiki: Mwongozo wa Kununua Tufe, Ramani na Chati za Darasani

Mwezi wa Januari niliagiza kwa simu chati tatu kutoka Nairobi: moja ya sayari, moja ya wanyamapori na moja ya mataifa ya dunia. Zilifika Malindi kwa basi zikiwa zimeviringwa vizuri, nikazitundika mkabala na madirisha, kisha nikawauliza watoto wa Gredi ya Nne walioketi nyuma wanaona nini. "Mwalimu, twaona dirisha," wakanijibu, nao walisema kweli, kwani pale palipostahili kuwa na Zohali palikuwa na nondo za dirisha, mnazi na kipande cha mbingu.

Tangu siku hiyo kasoro ninayoitafuta kabla ya nyingine yoyote ni mng'ao. Kuhakikisha kwamba Pluto, iliyoondolewa katika hesabu ya sayari mwaka 2006, haimo, au kwamba Sudan Kusini ya mwaka 2011 imo, ni ukaguzi unaowezwa na kila mnunuzi. Ni wachache wanaoitoa chati kwenye kiza cha duka. Itoe hadi mlangoni, mwombe mtu aishike huku jua likiwa mgongoni mwako, kisha urudi nyuma hatua kumi. Ukiliona buibui lako badala ya twiga, irudishe.

Nafasi ya kwanza ni ya tufe la Replogle, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1930, wala sifichi kwamba naipendelea. Tufe lolote lina heri hii, kwamba uviringo wake huubana mwanga ukawa doa dogo lisiloweza kufunika bara zima. Langu lina kipenyo cha sentimita 30, na kwa kipimo hicho Mwezi ni chungwa la sentimita 8 lililo umbali wa mita 9. Mtoto mmoja hulibeba chungwa hadi nje barazani huku wenzake wakibisha, maana chati zao zimewazoesha kuuona Mwezi vidole viwili tu kutoka Duniani.

Ya pili ni ramani ya dunia iliyochapishwa kwenye kitambaa, ambayo haing'ai na hukubali sindano. Yetu tumeishonea kifungo chekundu palipo Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwa ajili ya Uhuru, setelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970. Uzi wa manjano nao watoka Malindi hadi China, kwa ajili ya twiga aliyepelekwa huko na wajumbe wa mji huu mwaka 1415. Sijapata kuuziwa chati yenye lolote kati ya mambo hayo mawili.

Ya tatu ni chati ya wanyama yenye plastiki isiyong'aa, mradi isiishie kwa simba na ndovu. Mtoto wa pwani anastahili kumwona kasa, nguva na yule njule, mnyama mdogo wa pua ndefu, wa msitu wa Arabuko-Sokoke mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Chati za mataifa, zinazomvika kila mtu nguo za arusi, siziweki popote. Zile za karatasi tupu ni rahisi na hazing'ai, ila upepo wa kaskazi huzirarua kabla ya muhula kwisha.

Kinachoniudhi ni kwamba wauzaji hututoza zaidi kwa mng'ao huo huo, wakiuita ubora, tena bei hupanda shule zinapofunguliwa. Nilipompigia muuzaji wangu, alishikilia kwamba chati isiyochanika haina kasoro, na nilipomweleza kwamba watoto hawaioni akanishauri nifunge madirisha. Tufunge madirisha Malindi, mwezi wa Januari, na watoto arobaini ndani! Fedha hakurudisha. Chati zake mpishi wetu amezitandika kwenye meza ya uji, na kwa kupanguswa hazina mfano.