Breguet Classique 5177: Saa ya kununuliwa kwa ajili ya uso wake

Saa ya mkono ya Breguet Classique 5177 imetolewa kwa nyuso za aina zaidi ya moja, na tathmini hii inahusu ile ya dhahabu nyeupe ambayo uso wake umechongwa kwa nakshi ya kukereza, yaani giloshe. Niliikagua kwa utulivu katika duka moja la saa mjini Dubai, nikiwa na kioo cha kukuzia mkononi. Kasha lake lina upana wa milimita 38 na unene wa milimita 8.8, kwa hiyo hupita chini ya mkono wa shati au wa kanzu bila kukwama. Bei yake inazidi dola 20,000 za Marekani, na mtu anayefikiria kutoa fedha nyingi kiasi hicho ana haki ya kujua zinalipia nini. Kwa maoni yangu zinalipia uso kabla ya kitu kingine chochote, na uso huo unastahili.

Kwa macho matupu, sehemu ya katikati inaonekana kuwa na rangi ya fedha iliyotulia, isiyomulika wala kufifia. Ukiiweka chini ya kioo cha kukuzia, utulivu huo unageuka kuwa mamia ya piramidi ndogo zilizopangwa safu kwa safu, kila moja ikiwa na pande nne na ncha moja kali. Nakshi hiyo huitwa Clous de Paris. Upande mmoja wa kila piramidi hupokea mwanga na upande wa pili hubaki kivulini, na ukiinamisha mkono kidogo tu, mwanga huhama katika piramidi zote kwa wakati mmoja, bila hata moja kuchelewa. Jambo hilo la mwisho ndilo la kutazamwa kwa makini, kwa sababu linawezekana tu pale ambapo kila mfereji umekatwa kwa kina kilekile na kwa pembe ileile. Duara la namba za Kirumi limeachwa laini, limepitishiwa mikwaruzo myembamba tu ya kuzunguka, na juu yake hupita mishale ya chuma iliyochomwa hadi ikawa ya buluu, yenye tundu la mviringo karibu na ncha, kwa umbo ambalo kampuni ya Breguet imelitumia tangu karne ya 18.

Abraham-Louis Breguet, mzaliwa wa Neuchâtel aliyefungua karakana yake Paris mwaka 1775, alianza kuweka giloshe kwenye nyuso za saa karibu mwaka 1786, na hakuiweka kwa ajili ya mapambo peke yake. Uso wa chuma uliong'arishwa humulika macho na kuificha mishale, ilhali uso uliochongwa huuvunja mwanga vipande vipande, na mishale ikaonekana. Tena, saa zake zilikuwa na vipimo vingi juu ya uso mmoja, naye akaona kwamba kila kipimo kikipewa nakshi yake, jicho hulitambua eneo lake bila kuhitaji mistari mizito ya mipaka. Saa hii ya leo ina kazi chache kuliko zile, lakini kanuni imebaki: katikati pamechongwa na penye namba pamelainishwa, na ndiyo maana husomeka.

Kazi yenyewe hufanyika katika karakana ya Breguet iliyoko L'Orient, kwenye bonde la Vallée de Joux nchini Uswisi, kwa mashine zinazoendeshwa kwa mikono. Ziko za aina mbili. Ya kwanza hukata mistari iliyonyooka, na ndiyo hutoa Clous de Paris, kwa kuchora mifereji ya upande mmoja na kisha kuikatisha kwa mifereji mingine ya upande wa pili. Ya pili hukata mistari ya mviringo na ya mawimbi: bamba hufungwa kwenye mhimili unaozunguka huku ukiyumba kwa kufuata gurudumu lenye mawimbi ukingoni, na kisu, ambacho hakizunguki, hukaa mahali pamoja kikichonga dhahabu inayopita mbele yake. Fundi huzungusha kishikio kwa mkono mmoja na kukikaza kisu kwa mkono wa pili. Akikaza kupita kiasi, mfereji hupanuka na kuila piramidi ya jirani. Akilegeza, ncha hubaki butu. Na hakuna namna ya kuufuta mstari uliokosewa. Uchongaji ukiisha, bamba la dhahabu hupakwa fedha, na ndipo linapopata ile rangi yake ya kutulia.

Ni lazima niseme jambo kuhusu taa za madukani, kwa kuwa zimewapotosha wengi. Chini ya taa ndogo kali za kabati la vioo, kila uso wenye nakshi humetameta, uwe umechongwa au umegandamizwa kwa mhuri wa chuma. Niliomba kuipeleka saa hii karibu na dirisha, na mwenye duka akaniruhusu. Nami ningemshauri kila mnunuzi afanye hivyo. Katika mwanga wa mchana, nakshi ya mhuri hupoa: ncha zake ni za mviringo kidogo, na kuta za mifereji yake zina ukungu, kwa kuwa chuma kilisukumwa tu kikajaza umbo. Nakshi ya kisu ina kuta zinazong'aa kama zilivyoachwa na makali, na nuru yake haipotei kivulini. Tazama pia pale nakshi inapokutana na duara la namba: kwenye saa hii mpaka ni mkali, na hakuna piramidi iliyolala. Saa nyingi nzuri za bei nafuu zina nyuso za mhuri, na hakuna ubaya wowote katika hilo, mradi muuzaji asizitaje kuwa za kuchongwa.

Wanaopenda magari watakuwa wameshakumbuka dashibodi za alumini zenye miduara inayopandana kama magamba ya samaki. Hiyo ni nakshi ya jamaa hiihii, lakini njia yake ni nyepesi zaidi. Kijiti chenye msasa kinachozunguka hugusishwa kwenye bamba, huinuliwa, bamba husogezwa, kisha hugusishwa tena, ili kila duara lifunike sehemu ya lililotangulia. Mafundi wa saa huifanya vivyo hivyo kwenye bamba za ndani za mtambo, nao huiita perlaji. Gari la mashindano la Bugatti Type 35 lililotoka Molsheim, Ufaransa, mwaka 1924 ina dashibodi ya namna hiyo, na ndege Spirit of St. Louis ambayo Charles Lindbergh aliirusha kutoka New York hadi Paris mwaka 1927 ina mabamba ya pua yaliyopambwa vivyo hivyo, ambayo bado yanaonekana katika jumba la makumbusho mjini Washington. Baadaye Pontiac Firebird Trans Am iliiingiza sura hiyo katika magari ya watu wengi. Anayenunua gari la zamani asogeze kichwa polepole mbele ya dashibodi: katika kila duara halisi ataona kipepeo cha mwanga kikizunguka kadiri anavyosogea, na katika karatasi iliyochapishwa na kubandikwa mwanga utasimama palepale. Fundi wa karakana yoyote mwenye mashine ya kutobolea iliyosimama imara anaweza kuitengeneza upya, ila kwa anayeishi pwani bamba hilo lipakwe vanishi mara moja, kwa sababu hewa ya chumvi huifubaza alumini mapema.

Nikirudi kwenye saa, mtambo wake ni wa aina iitwayo kalibra 777Q, unaojijaza wenyewe mkono unapotembea, wenye mapigo 28,800 kwa saa moja na akiba ya nguvu ya kuuendesha saa 55 bila kuvaliwa, na nywele yake, yaani springi nyembamba inayoongoza mapigo hayo, ni ya silikoni, isiyoathiriwa na sumaku. Mgongo wa kioo huonyesha rota, yaani uzito unaozunguka na kuijaza saa, ya dhahabu ambayo nayo imechongwa giloshe. Ni kazi safi, ingawa watengenezaji wengine wa bei hii hufikia kiwango hicho cha mtambo.

Yapo mambo yaliyonikera. Dirisha la tarehe lililo upande wa kulia linakatiza duara la namba, na katika uso uliofikiriwa kwa uangalifu namna hii linaonekana kama kitu kilichoongezwa kwa kuwahofia wanunuzi. Kinga yake dhidi ya maji ni ya mita 30 tu, yaani inavumilia matone wakati wa kunawa lakini haifai kuogelea. Mkanda wa ngozi hautadumu katika joto na jasho la Muscat, Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo mnunuzi aweke fedha za mkanda wa pili kando. Gizani haisomeki kabisa, kwa kuwa haina rangi ya kung'aa usiku.

Toleo la enameli nyeupe husomeka haraka zaidi, na ambaye shida yake ni kujua wakati tu achague hilo. Mimi ningechukua ya giloshe, na siku ya kuipeleka kwa fundi ningemwagiza kwa maandishi kwamba uso usifutwe kwa kitambaa wala dawa yoyote, kwa sababu tabaka la fedha juu ya piramidi zile ni jembamba mno na likichubuka kwenye ncha, dhahabu iliyo chini yake huanza kuonekana.