Ng'ombe wa maziwa Mwanza: nenda kamwone saa nane mchana

Muuzaji atakuita asubuhi, umande bado uko kwenye majani na ng'ombe ametulia. Wewe nenda saa nane mchana. Tazama ubavu unavyopanda na kushuka, uhesabu dakika nzima. Akipita pumzi 60 akiwa kivulini na hajakimbizwa, joto limemwelemea. Akihema mdomo wazi, udenda ukimchuruzika, rudi na hela zako.

Chaguo langu la kwanza ni mtamba (jike ambaye hajazaa) chotara nusu kwa nusu: mama Boran au zebu wa kwetu, wote ng'ombe wa nundu, baba Friesian au Ayrshire, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, kwa uhimilishaji, yaani mbegu ya mrija. Anarithi ngozi legevu na manyoya mafupi upande wa mama, maziwa upande wa baba. Damu ya kizungu ikipita robo tatu, maziwa huongezeka kwa mdomo wa muuzaji. Joto na ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, ni juu yako. Kabla ya mnadani, ulizia shamba la serikali la mitamba Mabuki, Misungwi.

Wa pili ni Jersey, akiwa chotara ndiyo bora zaidi. Ni mdogo, hali chakula kingi, anavumilia jua kuliko Friesian, na maziwa yake yana mafuta mengi. Ng'ombe aina ya Mpwapwa ningemweka wa tatu, maana alizalishwa Dodoma kwa ajili ya ukame, ila kumpata huku ni kazi.

Zebu wa Kisukuma na Ankole wa Kagera joto hawalijali. Kwa nyama, nunua. Kwa maziwa, ndama akishanyonya hubaki kikombe chako tu.

Wa mwisho ni Friesian halisi. Niliwahi kununua mmoja, karibu mweusi wote, nikamfuga Nyegezi. Huyu hustarehe kwenye nyuzijoto 5 hadi 25. Mwanza mchana hupita hapo. Chakula kingi anachosaga tumboni nacho humpasha, na unyevu wa ziwa huchelewesha jasho kukauka. Oktoba ile alisimama kutwa bila kulala, majani yakanyauka horini, lita 14 zikawa 8.

Ukimtaka hivyo hivyo, usimjengee banda la bati tupu lililo chini chini. Paa liwe juu, bati lifunikwe nyasi, chakula kingi umpe jioni, na maji yasikosekane: anaweza kumaliza lita 100 kwa siku.