Vali ya bawaba au ya springi kwenye bomba la maji ya boila?

Viwanda vya chai vya Bushenyi na Fort Portal, Uganda, huchemsha maji kwa kuni za mkaratusi. Vya sukari kule Kakira kwa makapi ya miwa. Popote penye boila, bomba la kuingiza maji lazima liwe na vali isiyorudisha, yaani inayopitisha maji upande mmoja tu: ama ya bawaba, ama ya springi. Bila hiyo, umeme ukikatika na pampu ikazimika, mvuke wenye shinikizo la baa 10 husukuma maji yarudi kwenye pampu. Kina cha maji ndani ya boila kinashuka, mirija inabaki mikavu juu ya moto, na hapo ndipo watu huumia.

Vali ya bawaba ni kijilango: maji yakija kinafunguka, yakikatika kinaanguka. Haibani maji sana, na kuisafisha ni rahisi. Lakini mara nyingi hungoja maji yaanze kurudi ndipo ijifunge, kwa kishindo kinachotikisa bomba zima.

Ya springi hubana mtiririko zaidi, ila hujifunga kabla maji hayajageuka. Tena kuna jambo linalosahaulika sana: boila ikipoa usiku, mvuke hugeuka maji, ndani hubaki ombwe, na maji ya tangi lililo juu huvutwa hadi boila inafurika. Springi ngumu huyazuia. Kijilango hakiwezi, maana maji yanakwenda upande kinakofungukia.

Kiwanda kinachozima moto kila jioni, ningekifungia ya springi bila kusita. Zote mbili huvuja takataka ikinasa. Pampu iliyozimwa ikizidi kupata joto, maji moto ya boila yanairudia: boila ikishapoa na shinikizo kuisha, ifumue vali uikague.