Filamu ya kulinda rangi ya gari: uliza kwanza itakatiwa wapi

Nilipobandua filamu ya kulinda rangi, yaani karatasi ya plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi, kwenye boneti ya gari langu, miezi kumi na minne baada ya kubandikiwa hapa Mwanza, nilikuta mstari mwembamba ulioizunguka boneti yote karibu na ukingo. Ulikuwa mkato wa wembe. Fundi aliitandaza filamu juu ya gari akaikatia papo hapo, na wembe ukapenya kliya, tabaka angavu la juu, hadi kwenye rangi. Nililipa laki tisa, na kovu hilo ndilo baya kuliko yote niliyowahi kulitia gari lile.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kuhusu unene au mng'ao wa filamu, mimi humuuliza itakatiwa wapi. Filamu iliyokatwa kwa mashine, kwa kufuata ramani, yaani mchoro wa vipande, ya modeli husika, hufika kwenye gari ikiwa na umbo lake kamili, na kazi ya fundi hubaki kuibandika. Ramani hiyo iwe na ziada ya kukunjiwa ndani ya ukingo wa boneti na milango, kwa sababu ukingo ulioachwa wazi hunasa vumbi, gundi huachia, na filamu huanza kunyanyuka. Sisi tunaopanda kila siku njia za udongo za milimani, kisha tukateremka usiku kandokando ya ziwa na kurudi na bampa iliyogandwa na wadudu wadogo, tunahitaji kuosha gari mara kwa mara, na kila uoshaji huujaribu ukingo huo.

Nafasi ya kwanza naipa XPEL Ultimate Plus, na sifichi kwamba naipendelea. Ni poliyurethani, plastiki inayonyumbuka, yenye unene wa takriban mikroni 200, ina waranti ya miaka 10, na mikwaruzo yake midogo hufutika kwa joto la jua. Kilichonivuta zaidi ni hazina ya ramani ambayo kampuni hiyo ya Texas huwapa mafundi wake kwa ajili ya mashine za kukatia. Hata hivyo, magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kwa hiyo hakikisha ramani ya modeli yako ipo kabla hujalipa chochote.

Ya pili ni 3M, kampuni iliyotengeneza filamu za namna hii kwa ajili ya kulinda panga za helikopta za kijeshi za Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Ya tatu ni SunTek ya kampuni ya Eastman. Zote mbili ni nzuri mikononi mwa fundi mwenye mashine.

Filamu ya PVC, plastiki ya bei rahisi, usinunue. Hugeuka njano, hukakamaa na kusinyaa.

Wauzaji ndio wanaoniumiza zaidi. Roli za PVC huitwa TPU, yaani poliyurethani, bila aibu, namba ya roli haionyeshwi, na waranti huwa ni muhuri tu juu ya risiti. Mimi nilitajiwa bei moja kwa simu, na nilipofika na gari ikaongezwa laki tatu kwa sababu eti gari ni jipya. Dai kipande cha masalio ukivute kwa vidole: poliyurethani hunyumbuka kisha hurejea polepole, PVC hukaza. Namba ya roli iandikwe kwenye risiti, pamoja na sentensi kwamba hakuna wembe utakaotumika juu ya bodi. Muuzaji akikataa kuiandika sentensi hiyo, ondoka na gari lako.