Uzoefu wangu na tiba ya usingizi isiyo na vidonge, nikiwa kwenye ARV

Miaka tisa niko kwenye dawa, virusi vimefubaa, kila nikipima majibu mazuri, lakini usingizi ulinikimbia na kliniki hakuna aliyewahi kuniuliza we unalalaje. Naandika hii kwa wenzangu wanaokesha wakidhani ndo maisha ya mwenye VVU yalivyo, jamani sivyo.

Mwanzo nilikuwa natumia dozi yenye efavirenz, ile ya kumeza usiku, waliopitia wanazijua zile ndoto, yaani unaota kitu unakiona kabisa, unashtuka umeloa jasho na moyo unakwenda mbio. Nikahamishiwa yenye dolutegravir, ndoto zikakoma nikamshukuru Mungu, ila sasa ikawa nakodoa macho mpaka alfajiri. Kumbe dolutegravir nayo kwa baadhi ya watu inafukuza usingizi, na mi nilikuwa naendelea kuimeza saa 3 usiku kwa mazoea ya ile ya zamani! Daktari aliposikia akanihamishia asubuhi na akanielekeza namna ya kubadili muda bila kuruka dozi. Hilo peke yake lilinisaidia, nikatoka kulala masaa mawili matatu nikafika manne na nusu. Kama unakosa usingizi anza kuuliza hapo, muda wa dawa, ila usijibadilishie mwenyewe na usiache dawa hata siku moja.

Kabla ya hapo nilishanunua vidonge vya usingizi, aliyeniuzia hakuniuliza natumia dawa gani nyingine. Bado inaniuma, kwa sababu kuna dawa za usingizi kama midazolam na triazolam ambazo mtu anayetumia ritonavir, ambayo nayo ni moja ya ARV, hatakiwi kabisa kuzimeza, zinarundikana mwilini zinaweza kumzimisha pumzi. Mi sikuwa kwenye ritonavir, ni bahati tu. Nilivimeza wiki tatu, asubuhi kichwa kizito, na mwisho kimoja kikawa hakitoshi, nikaogopa nikarudi kwa daktari tukaviacha taratibu.

Ndo akanipeleka kwenye tiba ya fikra na tabia kwa wasiolala, wenyewe wanaiita CBT-I. Ni vikao sita, kimoja kwa wiki, hakuna kidonge. Wiki ya kwanza ni daftari tu, unaandika umeingia kitandani saa ngapi, umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi. Nilipojumlisha nikaona nakaa kitandani masaa tisa nalala manne na nusu, nusu nzima nimelala chali nawaza. Mtoa tiba akasema basi kitandani ni saa 6 usiku, kuamka saa 11 na nusu alfajiri, hata kama umelala lisaa limoja, na mchana usilale. Nilimwona katili kwa kweli. Na ukikaa kama dakika 20 hivi macho makavu, unatoka kitandani, unaenda kukaa sehemu nyingine taa hafifu, unarudi usingizi ukikubana. Usiku wa nne nilikuwa kwenye kiti, blanketi mabegani, nalia kabisa, nikasema kesho naacha. Wiki mbili hizo mchana nilikuwa hovyo, kwa hiyo kama unaendesha gari au una kifafa mwambie mtoa tiba mapema kabla hamjaanza hilo zoezi.

Wiki ya tatu ndo nikaona maajabu, naingia kitandani nasinzia ndani ya robo saa. Kila wiki nikilala angalau asilimia 85 ya muda niliokaa kitandani naongezewa dakika 15.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kikao cha nne. Aliniambia niandike ile kauli inayonijia saa nane usiku, nikaandika, "nisipolala kinga itashuka na virusi vitarudi". Akaniomba majibu yangu ya kipimo cha wingi wa virusi ya hiyo miaka miwili ya kukesha, nikayatoa, yote virusi havionekani. Akakaa kimya nikajisomea mwenyewe. Nilikuwa nimeibeba hiyo hofu usiku kwa usiku, na dawa muda wote ilikuwa inafanya kazi yake, kinachozuia virusi ni dozi yangu ninayoimeza kila siku, nilale nisilale.

Naipa nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa sababu mtoa tiba hakuwa anajua lolote kuhusu ARV, efavirenz ilibidi nimweleze mimi, na mtu ambaye bado anaona aibu kutaja hali yake angekaa kimya na nusu ya tatizo ingebaki haijaguswa. Kama una sonona pia useme, mi nilikuwa nayo kidogo na ilibidi itibiwe pembeni, usingizi peke yake usingeiondoa.

Sasa hivi naingia kitandani saa 5, naamka saa 11 na nusu, nameza dawa nikishanawa uso. Wiki iliyopita usiku mmoja nilikesha tena. Sikujaribu kufidia, niliamka saa ile ile 11 na nusu, na usiku uliofuata nikalala.