Ikombe nitarudi, ila si na wale vijana

Vijana walioniandalia safari ya Ikombe wamenitumia ujumbe eti niwape nyota tano mtandaoni. Sawa, ila kwanza nisimulie.

Majuzi kati, mvua zilipoanza kukata, nililipia safari ya utalii wa kitamaduni kutoka Mbeya mjini mpaka Matema, halafu kijiji cha Ikombe kwa wafinyanzi wa Kikisi, yaani wa kabila la Wakisi. Waandaaji siwataji, wakisoma watajijua. Dereva mstaarabu, samaki mbasa wa kuchoma alikuwa mtamu, na Ziwa Nyasa asubuhi ile lilitulia tuli. Hapo sina neno.

Tukafika Ikombe kwa boti, wazungu wanne na mimi. Mama mmoja amekaa chini, kanyoosha miguu, bonge la udongo mbele yake. Hana gurudumu la kufinyangia. Mkono mmoja ndani ya chungu, mwingine nje, ukingo unapanda taratibu huku akiuzungusha. Nikasogea nione vizuri. Kijana mwongozaji akanishika bega.

"Dada, wewe si mwenyeji? Waachie wageni. Vyungu si umeshavizoea?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya kusikika: "Halafu umelipa bei ya wenyeji."

Jamani! Bibi yangu kule Tukuyu alikuwa na mtungi wa Kikisi nyuma ya mlango, maji yake unayanywa meno yanauma. Nimekua nauona, ila mikono inayoifinyanga mitungi ile sijawahi kuiona. Ndicho nilichokifuata! Tena kabla mtalii yeyote hajakanyaga pale, hivyo vyungu vilikuwa vinapakiwa kwenye mitumbwi kwenda mnadani Lyulilo, jirani na Matema, siku ya Jumamosi, na kutoka hapo Kyela, Tukuyu mpaka Mbeya. Nani alikuwa ananunua? Bibi zetu. Kazi hii imefika leo kwa shilingi zao za kwenye kanga, halafu mjukuu anaambiwa asimame nyuma akae kivulini.

Nikakaa kivulini kweli. Nimenuna.

Mama ndiye aliyeniokoa. Wazungu walipokwenda kupiga picha ufukweni akaniita, "Mwanangu, njoo," akanimegea udongo. Changu kilibomoka mara mbili, akacheka mpaka akafuta machozi. Akanionyesha kokoto anayolainishia, nyeusi, imelika upande mmoja kama kisigino cha kandambili. Akasema ilikuwa ya mama yake. Ile nusu saa peke yake ingetosha nyota tano, na zote ni za mama.

Basi nikamuuliza ile "ada ya kijiji" iliyoandikwa kwenye risiti yangu inamfikia vipi. Akasema yeye anachokijua ni chungu alichouza. Kumuuliza kijana, akajibu, "Kuna utaratibu." Utaratibu gani? "Upo tu." Labda kweli ipo kamati na pesa inakwenda shuleni au zahanati, sikatai, siku ile nilikuwa na hasira. Lakini kama ipo si useme?

Nyota mbili. Hapana, tatu, maana bila wao nisingejua pa kupandia boti, na yule dereva simtendei haki. Ila nikimkumbuka yule akinishika bega narudi kwenye mbili. Ukitaka kwenda, panda gari la Kyela, tafuta usafiri wa Matema, lala, Jumamosi nenda Lyulilo mwenyewe na ulipe mkononi mwa aliyefinyanga. Mimi ndivyo nitakavyofanya.

Chungu nilinunua, elfu nane, sikupunguziwa na sikuomba kupunguziwa. Mama alinisisitiza nikianze kwa uji mzito ili kizibe vitundu. Nikasahau, nikabandika maharage. Kimevuja jiko zima. Hilo siwasingizii wale vijana.