Godoro la upepo kwa mgonjwa wa kulala, na jinsi baba mkubwa alivyolitumia

Kama nyumbani kuna mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe, godoro la upepo nunua mapema, usisubiri kidonda cha kulala sehemu moja kitokee ndo uanze kuhangaika. Nasema hivo kwa sababu nimeliona likifanya kazi kwa baba mkubwa alipokuwa anamuuguza mkewe, Mungu amrehemu, tumemzika mwaka huu, na kila ninachokijua kuhusu hili godoro nimekipata kwake.

Alikuwa mstaafu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, mtaa mzima walimwita Afande hadi watoto wa chekechea. Vita ya Kagera alikuwemo, alivuka Kyaka baada ya majeshi ya Amin kulipua lile daraja la mto Kagera Novemba 1978 na Kampala ilipoanguka 11 Aprili 1979 alikuwa bado yuko mbele na wenzake. Kusimulia vita hakupenda, ukimbana sana anakwambia tulikuwa tunabebana basi. Alisema kubeba majeruhi ndiko kulikomfundisha kumshika mtu mwenye maumivu bila kumvuta. Mama mkubwa alipopata kiharusi, upande mmoja wote umelala na maneno hayatoki, nikaona alichokuwa anakisema: anapitisha mkono mmoja chini ya bega mwingine chini ya nyonga, halafu anamwambia kwanza, "Mama, nakugeuza sasa," anasubiri amtazame, ndo anamgeuza. Kila mara. Hata saa nane usiku.

Sasa godoro lenyewe. Yapo ya aina mbili, la vibonge, yaani vifuko vidogo vidogo vya upepo, na la mirija. La vibonge ni la bei ya chini na kwa mgonjwa mwepesi linatosha, ila mama mkubwa ana mwili kwa hiyo baba mkubwa alichukua la mirija. Linatandikwa juu ya godoro la kawaida, linaunganishwa na pampu ndogo ya umeme inayoning'inia miguuni mwa kitanda, mirija inajaa na kupungua kwa zamu ili mwili usikandamizwe sehemu moja muda wote. Pampu inanguruma kidogo tu, usingizi haukatizi.

Kitu ambacho dukani hawakuambii, ukilijaza upepo kupita kiasi linakuwa gumu na faida yote inapotea. Baba mkubwa alikuwa anapitisha kiganja chini ya godoro usawa wa makalio, akisikia uzito wa mwili umemgusa anaongeza upepo, akikuta limekakamaa anapunguza. Na juu yake anatandika shuka moja jepesi, basi, maana ukirundika mablanketi na nailoni unakuwa umeliziba. Wakati wa kumbadilisha pampasi anakagua mgongo wa chini, visigino na viwiko kwa vidole, kwa sababu kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, unatakiwa usikie kama pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni yake.

Watu wengi wakishalinunua wanaacha kumgeuza mgonjwa wakiamini godoro limemaliza kazi. Hapana jamani! Baba mkubwa aliendelea na masaa mawili mawili, alichora ratiba kwa chaki ukutani kama zamu ya lindo, kushoto, chali, kulia, na sisi tukienda kumpokea lazima tuweke alama. Mama mkubwa hajawahi kupata kidonda hata kimoja muda wote aliouguzwa na mumewe. Godoro lilisaidia sana ila sifa kubwa naiweka kwa yule mzee.

Mapungufu yapo. Umeme ukikatika upepo unapungua taratibu, kwa hiyo godoro la chini liwe zuri pia, usiweke lililobonyea. Plastiki yake inapandisha joto, mgonjwa anatoka jasho, kwa mtu wa Dar au Tanga hilo ni tatizo kweli, feni inahitajika. Panya na sindano viwe mbali kabisa.

Kinachoharibika haraka ni pampu, godoro lenyewe linadumu, hivyo kabla hujalipa uliza kama wanauza pampu peke yake na mrija wake ni saizi gani. Ya kwake ilipokufa alipata nyingine bila kununua seti nzima, na ndo hiyo inayojaza godoro la mama mkubwa mpaka leo, zamu za kumgeuza tumegawana sisi watoto.